Korona, Kisu na Risasi: Janga Hufanya Nini kwa Idadi ya Wanaouawa?

Kaa na wanafunzi watano kantini uwaulize: wakati wa korona, mauaji duniani yaliongezeka au yalipungua? Utapata majibu mawili, na kila upande utakuwa na uhakika wake. Wa kwanza watasema yalipungua, maana watu walifungiwa ndani, baa zikafungwa na vibaka wakakosa wa kumpora. Wa pili watasema yaliongezeka, maana njaa iliingia majumbani, wagomvi wakashinda chumba kimoja asubuhi mpaka usiku, na polisi wakapewa ruhusa ya kucharaza watu barabarani. Ubishi utaisha chai ikiisha, na hakuna atakayekuwa amejifunza kitu.

Jamani, pande zote mbili zina ushahidi. Shida iko kwenye swali lenyewe. Kirusi hakishiki kisu. Kinachopandisha au kushusha idadi ya wanaouawa ni mambo ambayo janga huyagusa: nani anakutana na nani, wapi, amekunywa nini, ana silaha gani mkononi, mfukoni kuna nini, na anayesimamia amri ni nani. Mambo hayo hutofautiana nchi na nchi, na hata ndani ya nchi ileile hayafanani Aprili na Agosti. Tutapita Afrika Kusini, Marekani na Japani, kisha tusogee Kenya na Nigeria, halafu tumalizie hapa nyumbani Tanzania.

Maneno mawili ya kushika kwanza

Neno la kwanza ni kifo cha ukatili. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2002 kuhusu ukatili na afya, liligawa ukatili katika mafungu matatu. La kwanza ni ukatili ambao mtu anajifanyia mwenyewe, ikiwemo kujiua. La pili ni wa mtu kwa mtu: mume kwa mke, kibaka kwa mpita njia, jirani kwa jirani. La tatu ni wa makundi, kama vita na ukandamizaji wa vyombo vya dola. Ajali ya bodaboda haimo humo hata iwe mbaya kiasi gani. Yashike mafungu haya, maana janga moja linaweza kushusha fungu hili huku likipandisha lile.

Neno la pili ni kiwango. Idadi inakwambia wamekufa wangapi. Kiwango kinakwambia ni wangapi kwa kila watu 100,000 katika mwaka. Tuchukue wilaya ya kubuni yenye watu 400,000. Mwaka jana waliuawa 20, kwa hiyo kiwango ni 5. Mwaka huu wameuawa 24, kiwango kimekuwa 6. Gazeti litaandika "Mauaji yapanda kwa asilimia 20", na halitakuwa limedanganya. Lakini walioongezeka ni watu wanne, na inawezekana wote wanne walikufa usiku mmoja kwenye ugomvi mmoja wa mpaka wa shamba. Namba ndogo hurukaruka zenyewe bila janga lolote. Ndiyo maana mifano mikubwa ya makala hii imetoka kwenye nchi zenye namba kubwa na daftari linalosomeka.

Afrika Kusini: baa zilipofungwa

Afrika Kusini iliingia kwenye janga ikiwa tayari na mauaji mengi mno. Katika mwaka wa takwimu wa 2019/20, unaoishia Machi, polisi waliandikisha mauaji 21,325, sawa na watu 58 hivi kila siku. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 2020 nchi ikafungwa. Watu walizuiwa kutoka isipokuwa kwa chakula, dawa na kazi za lazima. Hata kukimbia mazoezi kulikatazwa. Juu ya hayo, serikali ikapiga marufuku uuzaji wa pombe.

Angalia kilichofuata. Aprili mpaka Juni 2019 waliuawa watu 5,398. Miezi hiyohiyo ya 2020 waliuawa 3,466. Pungufu ya watu 1,932, yaani asilimia 35.8. Hakuna operesheni ya polisi iliyowahi kushusha mauaji ya nchi ile kiasi hicho kwa miezi mitatu.

Sasa hapa ndipo mwanafunzi wa takwimu anapotakiwa kukuna kichwa. Mambo mawili yalifanyika kwa pamoja: watu walifungiwa ndani, na pombe ikaondolewa. Lipi lilifanya kazi? Kwa robo hiyo peke yake huwezi kusema. Bahati nzuri kwa watafiti, serikali iliruhusu pombe tarehe 1 Juni, ikaipiga marufuku tena ghafla tarehe 12 Julai, ikairuhusu tena katikati ya Agosti. Safari hii watu wengi walishatoka majumbani na kurudi kazini. Lilikuwa kama jaribio la maabara ambalo hakuna mtafiti aliyelipanga: pombe inawashwa na kuzimwa, nchi ikiendelea na shughuli zake.

Watafiti wa huko waliochambua vifo visivyo vya ugonjwa (humo mna mauaji, ajali na kujiua) walikuta kwamba katika wiki zile tano za marufuku ya pili vilipungua kwa angalau asilimia 14, na punguzo kubwa lilikuwa kwa wanaume. Msomaji makini atauliza: si kafyu ya usiku nayo ilirudi siku ileile? Ilirudi, na ni haki kabisa kuuliza sehemu gani ya punguzo ni ya kafyu. Hata hivyo, wauguzi wa vitengo vya dharura hawakuhitaji hesabu ndefu kujua kwamba Jumamosi bila pombe ni Jumamosi yenye visu vichache.

Na mwisho wake? Julai mpaka Septemba 2020 mauaji yalikuwa 5,107, zaidi ya miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia, ingawa marufuku ya pombe ilikula wiki tano za robo hiyo. Mwaka mzima wa 2020/21 ulifungwa na mauaji 19,972. Uliofuata ukafikia 25,181. Humo mna zaidi ya watu 300 waliokufa katika ghasia za Julai 2021. Wa 2022/23 ukafika 27,494. Kwa hiyo anayesema janga lilipunguza mauaji Afrika Kusini anasema kweli kwa miezi mitatu. Amri ilizuia watu wasikutane. Magenge, bunduki haramu na ukosefu wa ajira vilikuwa palepale vikisubiri milango ifunguliwe.

Marekani: mwaka uleule, mkondo wa kinyume

Vuka bahari. Marekani mwaka 2019 kiwango cha mauaji kilikuwa 6.0 kwa kila watu 100,000. Mwaka 2020 kilikuwa 7.8. Hilo ni ongezeko la asilimia 30 kwa mwaka mmoja, kubwa kuliko lolote lililorekodiwa kati ya mwaka na mwaka katika historia ya kisasa ya nchi hiyo. Mwaka 2021 kikapanda tena kidogo, kisha 2022 kikaanza kushuka.

Wepesi wa kusema "ni korona" wanasahau kwamba nchi nyingi tajiri zilifunga shughuli vilevile na hazikupata mruko wa namna ile. Kirusi kilikuwa kilekile. Kilichokuwa tofauti ni mazingira ambayo kirusi kiliyakuta.

Kwanza, silaha. Takriban mauaji 8 kati ya 10 ya mwaka 2020 yalifanywa kwa bunduki. Hofu ya janga iliwapeleka watu madukani: ukaguzi ambao FBI huwafanyia wanaotaka kununua bunduki, au kupata au kuhuisha kibali chake, ulipanda kutoka kama milioni 28 mwaka 2019 hadi karibu milioni 40 mwaka 2020. Hapa napo kuna mtego. Ukaguzi mmoja si lazima uwe bunduki moja iliyouzwa, na bunduki iliyouzwa Machi si lazima iwe ndiyo iliyoua Julai. Namba hiyo inaonyesha hofu na mahitaji. Haionyeshi moja kwa moja chanzo cha kila kifo.

Pili, wakati. Mauaji hayakupaa mwezi Machi watu walipofungiwa. Yalipaa kuanzia mwishoni mwa Mei na Juni, baada ya askari polisi kumuua George Floyd tarehe 25 Mei jijini Minneapolis na maandamano kuenea nchi nzima. Wapo watafiti wanaosema imani kwa polisi ilivunjika, watu wakaacha kupiga simu na wakaanza kumaliza visasi wenyewe. Wapo wanaosema polisi walipunguza doria. Wapo wanaotazama shule, vituo vya vijana na wasuluhishi wa mitaani, ambao kazi zao zilisimama kwa sababu ya janga. Hoja hizi hazifukuzani. Ila kila moja lazima ijibu swali la kalenda: mbona Juni, mbona si Machi?

Sasa weka nchi hizi mbili pamoja. Moja iliondoa pombe mezani, nyingine iliongeza bunduki kabatini. Ni janga moja, mwaka mmoja, na namba zikaenda kila moja upande wake.

Dunia kwa jumla je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikusanya rekodi za polisi za miji 27 katika nchi 23. Uhalifu kwa jumla ulishuka kwa asilimia 37 baada ya watu kuamriwa kukaa ndani. Mauaji yalishuka kwa asilimia 14 tu, kidogo kuliko makosa mengine yote. Sababu inaeleweka. Kibaka anahitaji umati wa stendi. Ukiondoa umati, hana kazi. Genge linalogombea mtaa halihitaji stendi, na anayemuua mtu wa nyumbani mwake hahitaji kutoka nje kabisa.

Japani: maumivu yanayochelewa

Fungu la kwanza la WHO, kujiua, mara nyingi linasahaulika katika mijadala hii kwa kuwa hakuna mshtakiwa. Mwaka 2020 wengi walitabiri kwamba idadi ingepanda papo hapo. Japani, ambayo huhesabu vifo hivi kila mwezi, ilionyesha kitu kingine: Februari mpaka Juni 2020 vilipungua kwa asilimia 14 kulinganisha na kawaida, kisha Julai mpaka Oktoba vikapanda kwa asilimia 16.

Mwaka ulipofungwa, waliojiua walikuwa 21,081, kutoka 20,169 mwaka 2019. Ongezeko la jumla ni chini ya asilimia 5. Lakini pasua namba hiyo kwa jinsia. Wanaume walikuwa 14,055, kutoka 14,078. Karibu hakuna tofauti. Wanawake walikuwa 7,026, kutoka 6,091. Ongezeko la asilimia 15. Kumbe ongezeko lote lilikuwa la wanawake, na wastani wa nchi nzima ulikuwa umelifunika.

Kwa nini wao? Nchini humo wanawake ndio wengi katika ajira zisizo za kudumu: mahoteli, migahawa, maduka. Hizo ndizo zilizokatwa mwanzo. Shule zilipofungwa, mzigo wa watoto ukawaangukia wao. Na kwa nini si Machi? Mwanzoni mwa balaa watu hushikana. Kila mtu yuko kwenye shida ileile na msaada unatolewa. Maumivu huja baadaye, akiba ikiisha, wengine wakianza kurudi kwenye maisha yao na wewe ukabaki na deni la kodi. Anayepima madhara ya janga kwa miezi mitatu ya kwanza peke yake anaondoka na jibu jema la uongo.

Hili linatugusa hata sisi tunaosubiri bumu. Mwenzako aliyestahimili mwezi wa balaa anaweza kuanguka mwezi wa nne, wakati kila mtu anadhani yameisha. Mwulize hali yake, na uulize mara mbili. Ikiwa ni wewe, ongea na mtu unayemwamini, mlezi wa wanafunzi au zahanati ya chuo, leo hii, usingoje mtihani uishe.

Anayelinda amri akiwa ndiye anayeua

Fungu la tatu liko karibu nasi zaidi. Kenya iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni ya siku ya kwanza, kafyu yenyewe haijaanza, polisi walipiga watu na kurusha mabomu ya machozi kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, mahali ambapo abiria walikuwa wamebanana wakijaribu kuwahi nyumbani. Siku chache baadaye, jijini Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kibarazani kwao ghorofani aliuawa kwa risasi ya polisi. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi hadharani kwa nguvu zilizotumika. Mwanzoni mwa Juni, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ilisema vifo 15 vilihusishwa moja kwa moja na askari tangu kafyu ianze.

Nigeria ilikuwa vilevile. Katikati ya Aprili 2020 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilieleza kwamba watu 18 walikuwa wameuawa na vyombo vya usalama katika kusimamia amri za kukaa ndani. Wakati huo waliotangazwa kufa kwa korona nchini humo walikuwa 12.

Watu 18 katika nchi ya zaidi ya milioni 200 hawasogezi kiwango cha taifa hata kidogo. Ukichora grafu, hutawaona. Pia, katika orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, aliyeuawa na askari akiwa kazini ana fungu lake, mbali na mauaji ya kawaida. Kwa hiyo unaweza kusoma jedwali la mauaji la nchi ukafika mwisho bila kukutana na mtoto yule wa kibarazani. Takwimu haikudanganya, ilimweka chumba kingine, na wewe hukufungua mlango.

Nyumbani

Mwaka 2020, kwa makadirio ya ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, wanawake na wasichana kama 47,000 duniani waliuawa na wapenzi, waume au ndugu zao. Waliouawa kwa makusudi kwa jumla, wanawake na wasichana, walikuwa kama 81,000. Yaani zaidi ya nusu waliuawa na watu wa kwao.

Hapa napo tusome taratibu. Tuseme katika mji fulani mwaka wa kwanza waliuawa watu 100, 20 kati yao nyumbani. Janga likaja, mitaa ikatulia, mwaka wa pili wakauawa 60, na 20 kati yao nyumbani. Mtu atatangaza: "Mauaji ya nyumbani yamepanda kutoka asilimia 20 hadi 33!" Hayakupanda. Walikuwa 20 na wamebaki 20. Lakini mwingine naye atatangaza: "Mji wetu sasa ni salama kwa asilimia 40 zaidi." Salama kwa nani? Kwa aliyekuwa anauawa mtaani, ndiyo. Kwa aliyefungiwa na muuaji wake, hakuna kilichobadilika, isipokuwa jirani wa kukimbilia amefungiwa naye.

Na sisi Tanzania?

Vyuo vyetu vilifungwa Machi 2020 vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Hatukuwa na kafyu wala watu kufungiwa ndani kama majirani. Kwa mtafiti hiyo ni nafasi adimu: nchi mbili jirani, kirusi kimoja, amri tofauti. Tungeweza kulinganisha. Lakini ulinganisho unataka daftari. Takwimu za wagonjwa wa UVIKO-19 zilikoma kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikurudi kwa zaidi ya mwaka. Vifo kwa jumla vina shida ya zamani zaidi: wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila kusajiliwa, na sababu ya kifo hubaki midomoni mwa waombolezaji. Aliyesukumwa kwenye ngazi na mumewe anazikwa kama "aliteleza". Nani atamrudisha kwenye hesabu?

Tukumbuke kuwa Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, na ikarudi huko Januari 2025. Mlipuko mwingine utakuja na amri zitatolewa tena. Watakaozitoa na kuzipima watakuwa watu wa rika letu: madaktari, maafisa wa polisi, wanasheria, watakwimu, maafisa ustawi wa jamii. Kabla ya kushangilia au kulaani namba yoyote ya wakati huo, uliza haya:

1. Ni kifo cha fungu gani: cha kujiua, cha mtu kwa mtu, au cha mkono wa dola?
2. Ni idadi, ni kiwango, au ni sehemu ya jumla? Na inalinganishwa na miezi gani?
3. Ukiipasua kwa jinsia, umri na mahali, bado inasema kitu kilekile?
4. Ni kitu gani hasa kilibadilika siku namba ilipobadilika: kirusi, pombe, bunduki, kipato, au aliyepewa kirungu?
5. Nani hakuandikwa?

Wanaoandika tafiti za mwaka wa mwisho wanaweza kuanza na swali la tano bila bajeti kubwa. Chagua kata moja, omba kibali, linganisha daftari la zahanati, la kituo cha polisi na kumbukumbu za mazishi za mtaa kwa miaka 2019, 2020 na 2021. Ikiwa vitabu vitatu vinatoa namba tatu tofauti, tayari una utafiti, na kuna familia pale kwenye kata zinazojua ni kitabu gani kinasema kweli.